Naomba Kurudishiwa Kidole Gumba cha Mwanangu

Kwa Wajumbe wa Kamati ya Wazazi,
Kitengo cha Sanaa na Mnada,
Shule ambayo sitaitaja jina kwa sababu Kiriri nzima inaijua,
Bujumbura.

YAH: KAZI YA PAMOJA YA WATOTO WA CHEKECHEA ILIYOFANYWA NA WATU WAZIMA

Waheshimiwa,

Awali ya yote pokeeni pongezi zangu. Mnada wa Jumamosi ulifana. Mvua ilijizuia, jenereta haikuzima, na turubai la darasa la watoto wa miaka mitano lilinunuliwa kwa bei ambayo kule Buyenzi nilikozaliwa, kwa mafundi wa magari, mtu angeitajiwa angeuliza kwanza injini ina silinda ngapi.

Nawaandikia hadharani kwa sababu kundi la WhatsApp la wazazi limefungwa. Tangu juzi, wanaoruhusiwa kuandika humo ni viongozi peke yao, nao wanaandikiana hongera.

Nianze kwa kusema kwamba kazi yenyewe ni nzuri. Ni nzuri mno, na wasiwasi wangu ulianzia hapo. Orodha ya mnada inasema kwamba turubai hilo, "Ziwa Letu", limechorwa na watoto wa darasa zima kwa ushirikiano. Mimi ninaye mmoja wa wachoraji hao nyumbani, na najua anachofanya akipewa rangi. Buluu huimaliza siku ile ile. Kahawia huipaka juu ya vyote vilivyotangulia, kisha hutangaza kwamba sasa ni usiku na watu wote wamelala. Mtoto huyo hawezi kupanga vipepeo kwenye mistari iliyonyooka, kila kimoja kikiwa mbali na mwenzake kwa kipimo kile kile, vyote vikiruka kuelekea machweo ya upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa. Anayeweza kazi hiyo ni mhandisi, na kwa bahati kamati yenu inao.

Nimeuliza utaratibu nikaelezwa. Wazo lilipatikana kwenye simu, katika picha za shule moja ya Marekani. Mistari ya penseli ilichorwa na mama mmoja mwenye mkono mwepesi. Rangi ya nyuma ilipakwa usiku na wazazi wa kujitolea, wakisaidiwa na chupa chache za divai. Asubuhi yake watoto wakaitwa mmoja mmoja kama wapiga kura: kidole gumba kwenye rangi, kidole kwenye turubai, kidole kwenye kitambaa chenye maji, haya, mwingine. Walipokwisha kutolewa nje, kila alama ilitiwa mabawa kwa brashi nyembamba. Alama zilizokwenda upande zilifutwa, na nasikia mzazi mmoja alizipiga upya kwa kidole chake cha mwisho, ili ukubwa ulingane na wa watoto. Huo ni uaminifu wa hali ya juu kabisa katika kughushi.

Sasa nije kwenye malalamiko ya mwanangu mwenyewe, maana hamkumpa nafasi ya kuyatoa. Darasani waliulizwa: ziwani kuna nini? Wakajibu kama watoto wa Bujumbura. Kuna viboko, kwa sababu usiku hupanda kutoka majini wakaja kula majani kwenye makazi ya watu. Na kuna Gustave, yule mamba wa Rusizi ambaye mtoto wa mji huu humjua hata kabla hajamjua shujaa wa uhuru, Rwagasore, ingawa kaburi la Rwagasore liko mlimani kwetu. Mwanangu alitaka kumchora Gustave akiwa ameshiba. Akaambiwa Gustave hauziki. Patrice Faye, Mfaransa aliyempa mamba huyo jina, alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma akashindwa. Nyinyi mmemwondoa ziwani kwa kikao kimoja chenye chai na biskuti.

Na ziwa lenyewe mmelitengeneza likapendeza. Ziwa Tanganyika tulilo nalo lilipanda likaingia Gatumba, likafukuza watu majumbani, watoto wakalala kwenye mahema. Lile la kwenye turubai halijapanda hata sentimita moja. Linajua mipaka yake na linamheshimu mnunuzi.

Waheshimiwa, nataka tuelewane kuhusu kidole gumba. Wazee wetu wengi walitia dole kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma: za kodi, za mashamba, za mahakama. Dole lilisema jambo moja tu, kwamba huyu hapa amekubali yaliyoandikwa na mwingine. Tukajinyima, tukapeleka watoto shule, ili ukoo uachane na dole. Leo nalipa karo inayohesabiwa kwa dola. Mwanangu anaandika jina lake lote, herufi moja tu ndiyo anayoigeuza nyuma mbele. Na kazi yake ya kwanza kuuzwa duniani ametia dole, chini ya maelezo asiyoyasoma, kuthibitisha wazo asilokuwa nalo.

Upande wa fedha sina ugomvi, nina mshangao tu. Fedha zimetoka kwa wazazi wa shule, zimepita kwenye turubai lililochorwa na wazazi hao hao, zikaingia shuleni kwa watoto wao. Njia fupi ilikuwepo, nayo ni kuongeza mstari mmoja kwenye ankara ya muhula. Lakini naelewa kwamba ankara haipigiwi makofi, wala hakuna jirani wa kumshinda kwa kuilipa. Nilimwona bwana mmoja akipandisha bei dhidi ya mkewe mwenyewe, kwa kuwa walikuwa wamekaa meza tofauti na taa zilikuwa hafifu. Dalali hakuwakatiza. Alikuwa anajenga taifa.

Kilichonigusa zaidi ni malipo. Bei ilipandishwa kwa dola, mshindi akaomba kulipa kwa faranga za Burundi, na kwa kiwango cha benki. Ukumbi ukanyamaza. Thamani ya faranga ilishushwa rasmi Mei 2023 na bado kiwango cha mtaani kikaendelea kukiacha cha benki nyuma, kwa hiyo kila mtu pale alifanya hesabu kimoyomoyo. Kamati ikakubali. Petroli kwa bei ya serikali imetushinda, sukari imetushinda, lakini vipepeo vimepatikana.

Msidhani nadharau sanaa ya watoto. Nchi yetu huichukulia sanaa kwa uzito mkubwa. Ngoma zetu za jadi ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, na tangu amri ya 2017 hazipigwi bila idhini ya wizara, wala mwanamke haruhusiwi kuzigusa kwa fimbo. Na kuhusu michoro ya pamoja ya darasani, Burundi ina historia ambayo orodha yenu ya mnada imeisahau. Mwaka 2016 ilionekana kwamba wanafunzi wamechorachora juu ya picha ya Rais Nkurunziza kwenye vitabu vya shule. Ruziba, hapo kusini mwa mji, mamia walirudishwa nyumbani, na Muramvya wengine walikamatwa. Machi 2019 ikawa zamu ya Kirundo: wanafunzi wakakamatwa, na wasichana watatu wakafunguliwa mashtaka ya kumtukana mkuu wa nchi. Walikaa ndani kama wiki mbili kabla ya kuachiliwa, baada ya watu ndani na nje ya nchi kupiga kelele.

Angalieni ushirikiano uliokuwepo hapo. Katika shule za serikali kitabu kimoja hupita mikononi mwa watoto wengi, mwaka hadi mwaka. Mmoja huongeza ndevu, wa pili miwani, wa tatu pembe. Hakuna Madamu aliyewashika mkono, hakuna mzazi aliyekuja usiku kunyoosha mistari. Kama kuna kazi ya pamoja ya wanafunzi iliyowahi kufanywa nchini humu bila msaada wa mtu mzima, ni ile. Na serikali haikutia shaka hata kidogo kwamba wachoraji ni watoto wenyewe. Iliwatafuta kwa majina.

Basi huo ndio mkanganyiko ninaoomba mnisaidie. Mchoro wa mtoto ukileta kesi, ni wa mtoto. Ukileta fedha, ni wa kamati. Kule Kirundo mtoto alitambuliwa kama mchoraji hadi mahakamani, na huku mlimani Kiriri, penye ulinzi, bustani na mabalozi, anatambuliwa hadi kwenye kifundo cha kidole.

Kazi ya pamoja mimi naijua tangu Buyenzi. Tulikuwa tukitengeneza gari la waya. Mmoja ana waya, mwingine ameiba koleo la baba yake fundi, wa tatu ana vifuniko vya chupa vya kufanyia magurudumu. Wa nne hana kitu, ila ndiye pekee anayejua usukani unavyopinda, kwa hiyo anaamrisha wote. Tunagombana, tunavunja, tunalia, tunaanza tena. Jioni gari lina magurudumu matatu na linakwenda kushoto tu, lakini ukimuuliza yeyote kati yetu atakuonyesha sehemu aliyoikunja yeye. Waulizeni watoto wa darasa lile kipepeo chao ni kipi. Mimi nimemuuliza wangu. Amenionyesha fremu.

Kuhusu matumizi, nimesoma kwamba makusanyo yatajenga kivuli juu ya uwanja wa mchanga. Ni jambo jema, jua la Bujumbura halina upendeleo. Ila kwenye uwanja huo huo ukigeuka kulitazama ziwa, unauona mji wote chini yako, pamoja na mapaa ya mabati ya shule za serikali. Mwaka 2005 karo ya shule za msingi ilifutwa, watoto wakamiminika madarasani, lakini madarasa yenyewe hayakumiminika. Siombi fedha ziteremke huko. Nimeishi Kiriri kiasi cha kutosha kujua kwamba kinachoteremka mlima huu ni maji ya mvua na wafanyakazi wa ndani saa kumi na moja jioni.

Maombi yangu ni machache:

Moja. Sheria ya hakimiliki ya Burundi ya tarehe 30 Desemba 2005 humlinda aliyeiumba kazi. Orodha ya mnada isahihishwe. Wajumbe watajwe kama wachoraji, na watoto watajwe mahali panapowafaa kwa mchango wao, yaani chini ya "vifaa vilivyotumika", baada ya brashi na kabla ya gundi.

Mbili. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 12 kinamtaka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na cha 31 kinampa haki ya kushiriki katika sanaa. Mwakani watoto wapewe turubai zima, rangi zote na asubuhi nzima. Wazazi wabaki nje ya lango na divai yao. Kahawia isifichwe.

Tatu. Kitakachotoka kiuzwe kama kilivyotoka, hata kama ni usiku na watu wote wamelala. Na kila mtoto atie jina. Wachoraji wa Tingatinga kule Dar es Salaam wanaigana chui na tembo tangu mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alipoanza, tena wanaketi bega kwa bega, lakini kwenye kona ya kila picha kuna jina la aliyeichora.

Nne. Nathamini kipaji cha wajumbe, sitaki kipotee. Ufanyike mnada wa pili wa kazi za wazazi, vipepeo vyote vikitokana na vidole gumba vyao wenyewe, na watoto ndio wapange bei. Mwanangu ameshaniambia yuko tayari kuanzia biskuti mbili.

Tano, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Turubai lililouzwa limetundikwa kwenye sebule moja hapa hapa mlimani. Naomba mwanangu apelekwe pale, apewe kalamu ya wino usiofutika, aonyeshwe dole lake lilipo ikiwa bado ni lake, na aandike jina lake pembeni. Herufi moja itageuka nyuma mbele. Atakayeisahihisha nitamwona mahakamani, kwa kuwa kesi za michoro nchini humu zina mazoea ya kusikilizwa.

Wenu mtiifu katika karo,

Mzazi wa Kipepeo cha Mstari wa Tatu (au wa Nne)

Nakala kwa:
Mnunuzi, kwa taarifa na maandalizi ya sebule.
Gustave, Mto Rusizi, kwa hatua atakazoona zinafaa.