Kaa Chini, Ndege Watakuja Wenyewe

Hatua ya kwanza ya kuangalia ndege ni kuacha kuwatafuta. Najua utanibishia, maana umetoka machimboni Mbangala kwa bodaboda alfajiri, umeteremka bonde lote kuelekea Ziwa Rukwa, na sasa unataka nauli yako ilipe. Zima kwanza huo muziki. Mwambie kijana akushushe mbali na maji, umalizie kwa miguu.

Usivae jezi, iwe ya Simba au ya Yanga. Ndege anaona rangi kuliko binadamu. Nyekundu na njano atakuwa ameziona kabla wewe hujamwona yeye.

Darubini ukiipata ni neema, ukiikosa usisononeke. Mtu anayeinamia karai asubuhi nzima akisaka chembe moja ya dhahabu kwenye mchanga mweusi hahitaji kufundishwa subira. Yatazame matete kwa jicho hilohilo la kwenye karai. Ila usikae ukingoni. Rukwa lina mamba na viboko, na mamba anajua kutulia kuliko sisi sote.

Robo saa ya kwanza hutaona kitu, na hapo ndipo wengi huondoka wakisema ndege wamehama. Wewe baki. Nyange watarudi kwanza, kisha mnandi atatua kwenye kisiki na kutandaza mbawa kama kanga iliyoanikwa. Mngoje mdiria, yule mweusi kwa mweupe. Husimama hewani palepale, mbawa zinapiga, mdomo umeelekea chini, kichwa hakitikisiki hata kidogo. Ghafla anaanguka kama jiwe. Akiibuka na samaki humgongagonga kwenye tawi mpaka alegee, ndipo humeza, kichwa kikitangulia. Mimi nimeliona hilo mara nyingi na bado hushika pumzi.

Juu ya mti utaona rundo la vijiti lenye ukubwa wa kumtosha mtoto kulala. Usidhani ni takataka za mafuriko. Ni nyumba ya fundichuma, imekandikwa tope ndani, na ni imara kiasi kwamba inaweza kubeba uzito wa mtu mzima.

Na ukisikia kelele za mnana, zisikilize vizuri. Mnana-barakoa wa Tanzania huishi huku kusini-magharibi na kuvuka kidogo Zambia, basi. Kuna watu wanavuka bahari kuja kumwona huyo anayelala jirani yako.

Jambo moja nitalisema bila kuzunguka. Ziwa Rukwa halina mto wa kutolea maji, kinachoingia kinabaki. Zebaki ya kuoshea dhahabu ikimwagwa kijitoni huteremka hadi humo, ikaingia kwa samaki, kutoka kwa samaki ikaingia kwa mnandi, na kwenye sahani yako pia. Anayependa ndege aoshee mbali na kijito, na zebaki iliyotumika asiimwage ovyo.

Majina yakikushinda, waulize wavuvi. Au muulize mtoto mwenye manati, maana huyo anajua kila kiota. Usimkemee, mwombe akuwekee manati kando, mpe daftari na kalamu, mwambie ahesabu. Wa kwangu alifika nyange 112, nikataka kumuaga, akaninyamazisha kwa kidole mdomoni nisije nikampotezea hesabu.