Landrova Iliyorukwa Sevisi

Landrova aina ya Defender ni gari la kazi ambalo Solihull, Uingereza, iliacha kuliunda tarehe 29 Januari 2016, na baada ya siku hiyo bei yake ilishika tabia ya mkaa wakati wa masika: kupanda. Ukoo wake ulianza 1948, chuma kilipokuwa cha mgawo baada ya vita huku alumini ikipatikana kwa urahisi. Kwa hiyo bodi ilifanywa ya alumini na chesisi ikabaki ya chuma. Bodi haioti kutu, chesisi inaota. Gari husimama mbele ya mnunuzi kama bwana harusi, kumbe kiunoni limeliwa.

Kinachoila chesisi si matope bali chumvi. Kila majira ya baridi halmashauri humwaga barabarani chumvi ya mwamba ili barafu isishike, na nyingi yake huchimbwa Winsford, Cheshire, katika mgodi uliofunguliwa 1844. Mtu wa Pwani aliyekulia akilaumu upepo wa bahari kwa kumlia mabati hukuta huku nchi inayoyanyunyizia magari yake chumvi makusudi, tena kwa kodi ya wananchi.

Nyumbani inaaminika kwamba gari lililotumiwa na Mzungu ni gari lililotunzwa. Imani hii hushikiliwa zaidi na watu ambao hawajawahi kukaa naye mtaa mmoja. Mkulima wa Wales humwaga oili anapokumbuka, na kwa kawaida hukumbuka kondoo kwanza. Kijana wa mjini aliyenunua Landrova kwa ajili ya michezo ya matope huoga mwenyewe akirudi, gari likasubiri mvua. Yule wa tatu, anayeipaka rangi mpya na kuiwekea viti vya ngozi, ndiye wa kuogopwa, maana fedha yote imekwenda mahali panapoonekana.

Uchunguzi huanzia kwenye simu ya mkononi, kabla ya nauli ya treni. Gari la kawaida likitimiza miaka 3 lazima likaguliwe kila mwaka katika jaribio liitwalo MOT, lililoanza 1960, kwa ada isiyozidi pauni 54.85. Matokeo ya tangu 2005 husomwa bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba ya gari tu. Humo mna maili za kila mwaka, sababu za kufeli, na tahadhari za mkaguzi. Tahadhari ya kutu ya chesisi ikijirudia miaka minne mfululizo, kisha wa tano ikatoweka pasipo risiti ya fundi wa kuchomelea, kilichopita hapo ni brashi ya rangi.

MOT hata hivyo si sevisi. Haiangalii hali ya injini, klachi wala gia boksi. Gari laweza kufaulu asubuhi na kukata mkanda wa taimingi jioni, mkaguzi asiwe na kosa lolote. Ndipo linapohitajika daftari la sevisi. La gari lililorukwa hufanana na rejista ya mwanafunzi mtoro: mwaka wa kwanza mihuri imejaa, wa tatu ina mapengo, kisha kurasa nyeupe hadi mwisho. Muuzaji huzijaza kwa mdomo, kwamba amekuwa akiihudumia mwenyewe nyumbani. Si lazima awe mwongo. Aliyefanya kweli ana risiti za filta na makopo matupu ya oili stoo. Wa pili ana maelezo tu, na birika la chai.

Chai hiyo inywewe baada ya kulala chini ya gari, si kabla. Kifaa ni nyundo ndogo. Chuma kizima hulia ngaa. Kilicholiwa hujibu pwata, kama fenesi bovu. Pa kugonga kwanza ni boriti ya nyuma, kisha vishikio vya chesisi, kisha ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, hasa kona zake za chini. Lami nyeusi iliyopakwa wiki hiyo ni ushahidi wa mashaka, na hung’ang’ania nguo: makoti mengi ya sikukuu yaliyotoka Dar es Salaam yamemalizia maisha yao hapo. Chesisi mpya iliyochovywa zinki inauzwa, lakini kuifunga ni kulivua gari lote na kulivisha upya, kazi ya maelfu ya pauni.

Injini hutegemea umri. 300Tdi, ya miaka ya 1994 hadi 1998, ina mkanda wa taimingi. Ukikatika, pistoni na vavu hukutana bila miadi. Mkanda usio na tarehe ya kubadilishwa huhesabiwa kuwa haujabadilishwa, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Td5 iliyofuata hadi 2007 hutumia cheni, na ugonjwa wake ni wa kusimulia. Oili hupenya kwenye waya za nozeli ndani ya injini, ikatambaa katikati ya waya kama sisimizi ndani ya mwanzi, mpaka ikafika kwenye kompyuta chini ya kiti cha mbele. Anayejua huchomoa plagi nyekundu ya kompyuta hiyo na kuitazama kama imelowa. Fundi wa Manzese akielezwa hayo kwa simu hucheka kwanza, kisha huuliza kama injini hiyo ilichorwa na mtu mwenye gereji.

Difu hazisemi uongo. Skrubu ya kujazia ikifunguliwa na oili ikaonekana rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, yaani gari limevuka mto na hakuna aliyekumbuka kumwaga oili baadaye. Muuzaji wa aina hii ndiye huapa kwamba Landrova haijawahi kutoka kwenye lami. Propela zilizokosa grisi hujitangaza kwa kishindo, koo!, kila mguu unapoachia mafuta. Kuvuja oili peke yake si hoja. Wenye Landrova husema isiyovuja imekaukiwa.

Kila kasoro ina bei yake, na hapo mtoto wa Kariakoo hujikuta nyumbani. Waingereza wengi huona haya kupatana. Muuzaji akitajiwa mkanda, difu na boriti, kimoja kimoja, kwa sauti ya upole na kwa shikamoo ya moyoni, huanza kutazama viatu vyake mwenyewe, na dalili hiyo ni ya kungojewa kwa subira.

Mnunuzi akiwa mkazi wa London, hesabu haijaisha. Tangu 29 Agosti 2023 eneo la hewa safi limefunika wilaya zote za jiji, na Defender nyingi za dizeli hutozwa pauni 12.50 kwa kila siku zinapoendeshwa. Landrova ya East Ham kwa hiyo hutembea kidogo mno, jambo ambalo mnunuzi ajaye ataambiwa kuwa ni matunzo.

Hapo ndipo ndugu hushauri isafirishwe kwetu, kwa kuwa usukani tayari uko kulia. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, kwa hiyo nyingi zimeshazeeka kupita mpaka. Tanzania huingiza, kwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Mjomba huelezwa hili kila Jumapili, na kila Jumapili huuliza meli inaondoka lini.

Meli ikingojewa, hutumwa picha. Hupigwa ubavuni, jua likiwa upande wa alumini, mwenye gari ameegemea boneti. Kipande cha boksi kilichotandikwa chini ya difu ya nyuma, kimelowa hadi pembeni, hukatwa kabla ya kutuma.