Foleni ya Kupanda Mlima

Ndugu zetu wa Dar es Salaam, ambao foleni wameizoea kama shemeji aliyekuja kusalimia akahamia kabisa, hudhani kwamba adha hiyo ni milki yao peke yao, na kila wakija Lushoto kupunga upepo hutusimulia kwa fahari jinsi, licha ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016 na daraja la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018, walivyotoka ofisini alasiri wakaswali isha Kimara. Tunawasikiliza kwa adabu. Mgeni hakatizwi kauli.

Nasi tunayo yetu. Barabara itokayo Mombo kuja Lushoto, kilomita zipatazo 33, imechongwa ubavuni mwa mlima tangu zama za Mdachi, mji ulipokuwa ukiitwa Wilhelmstal, naye hakutarajia kwamba siku moja basi lililosheheni abiria lingekutana konani, kabla ya Soni, na lori la kabichi linaloteremka, huku jabali na huku genge.

Ndivyo ilivyotukuta. Dereva wetu alidai kwamba haki ni ya mwenye kupanda. Yule wa lori akajibu kwamba kabichi hazina subira. Na kwa kuwa mjini watu hutukanana madirishani wasionane tena, ilhali huku kwetu huenda uliyemtukana ni mjomba wa mkeo, iliwabidi wateremke wote wawili, waamkiane, waulizane hali za wazee na za mahindi, ndipo wagombane kwa taratibu. Bodaboda iliyopakia kochi, na mwenye kochi juu yake, ilipenya katikati yao bila kuomba radhi. Hatimaye basi lilirudi kinyumenyume hadi penye upana, utingo akikimbia na jiwe la kuzuia gurudumu, nusu ya abiria wakipiga kelele "Njoo! Njoo!" na nusu "Simama!", kila mmoja akiwa na yakini.

Muda wote wa mabishano jirani yangu, bibi mmoja mchuuzi wa Mombo, alikuwa akipatana bei na watu wa lori. Alipokwisha kununua kabichi alizozikusudia, bila kuziondoa zilipo, alimwambia kondakta: "Mwanangu, Lushoto sina tena shughuli, nirudishie nauli ya njia iliyobaki." Kondakta akaapa kwamba nauli ikishapanda haiteremki. Bibi hakubishana. Alipanda lori, akaketi mbele karibu na dereva, kisha akatoa kichwa dirishani akatuamuru tujisogeze kidogo, anachelewa soko.