Ombi la Zamu ya Usiku: Barua ya Wazi kwa Tume ya Madini

Mwenyekiti,
Tume ya Madini,
Dodoma.

YAH: WANYAMA WA MAGAMBA KUPANGIWA ZAMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wa msitu wa Magamba, katika milima ya Usambara wilayani Lushoto, wanaipongeza Tume kwa kazi nzuri. Wamesikia kwamba milima yao ina bauksiti, na kwamba mwenye leseni ya utafutaji hachimbi, anatafuta tu. Anafyeka mkuza, anapitisha gari, anatoboa, anafunga udongo mifukoni, anakwenda zake. Mkuza unabaki. Mwenye mitego ya waya hachelewi kuujua.

Huko Gaboni, baruti za kutafuta mafuta zilipolipuliwa katika Hifadhi ya Loango, watafiti walitega vinasa sauti msituni. Tembo hawakuhama, walihamishia shughuli zao usiku. Ushirikiano wa kupigiwa mfano na wawekezaji!

Wanyama wa Usambara wangeiga, lakini zamu ya usiku imejaa. Perere, yule pimbi wa mitini, anaishika tangu zamani: mchana analala ndani ya mti wenye uwazi, usiku anapiga ukelele hadi mgeni wa hoteli anauliza nani anachinjwa. Komba naye yuko kazini. Mbega hana uzoefu wa kuruka gizani, na matawi yanayogusana yakikatwa hana njia. Akishuka chini anakutana na mbwa.

Sange, mwenye pua isiyotulia, ana swali la kisheria. Kiota chake ni majani makavu yaliyorundikwa ardhini. Bauksiti nayo haiko mbali chini. Kuipata ni kukwangua mlima, miti na majani kwanza. Je, leseni inaanzia juu ya kiota au chini yake?

Wenzao wa Amani, huko huko Usambara, hifadhi tangu 1997, wana kumbukumbu. Dhahabu ilipovuma huko mwaka 2003, watu walimiminika na sululu na makarai hadi kwenye vijito vya Mto Zigi, ambao jiji zima la Tanga linaunywa. Kwa haki, Tume haihusiki: wale hawakuwa na leseni. Perere hakuona tofauti.

Ombi ni dogo. Tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike saa nane za usiku. Mtaalamu akipita saa nne asubuhi, na jenereta ikiunguruma nyuma yake, ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakuona mnyama.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Perere
(kny. mbega, komba na sange)

Nakala: Wakala wa Huduma za Misitu, kwa taarifa.