Pedeli Haina Taa

Kaa hapo kwenye benchi, ndugu yangu, kahawa bado ya moto. Nikuulize kitu. Kiberiti cha gesi, hiki cha kawaida cha dukani, siku hizi kina kijitaa kitakoni. Kweli si kweli? Sasa pedeli ya gitaa ya Kimarekani, chuma tupu, ikiwa mpya inakula laki mbili na chenji, haina taa. Hakuna! Nimeigeuza juu chini. Nimeipeleka chumbani nikazima balbu, nikasubiri. Giza tu. Sasa utajuaje kama imewaka au imezima? Wenye nayo wanakujibu kwa dharau: utasikia. Nitasikia nini, na mpiga dramu yuko pembeni ya sikio langu anamalizia hasira zake zote za wiki?

Nazungumzia wawa, hii inayoandikwa Cry Baby. Unakanyaga mbele, sauti inakuwa kali. Unarudisha kisigino, inafumba mdomo. Ukienda mbele nyuma, gitaa linasema waa, waa. Ndiyo kazi yake yote hiyo. Mama watoto alipoiona aliuliza cherehani yenyewe iko wapi. Nikamwambia hii ni ya gitaa. Akanitazama. Akauliza tena cherehani iko wapi.

Kwa nini mtu mzima, baba wa familia, mpiga solo wa kwaya ya vijana ambayo kijana mwenye mvi ni mimi peke yangu, nikajiingiza kwenye wawa? Simu, bwana. Hapa Sirari simu yenyewe haijui iko nchi gani. Ukisogea dirishani inakukaribisha Kenya. Basi nilikuwa nimesogea dirishani, naperuzi, nikakutana na Shaft ya Isaac Hayes, ya mwaka 1971. Yule mpiga gitaa, Charles Pitts, anakwaruza nyuzi tu, wala hahangaiki na noti nyingi. Mguu ndio unafanya kazi. Nikasema hapo sasa! Vidole vyangu vimeshaniangusha miaka yote hii, tujaribu mguu.

Kuchagua ndiko kulikonikondesha. Kuna Vox V847. Kuna Dunlop GCB95. Kuna Morley. Kuna za Kichina zenye majina ya kubadilika badilika. Mimi nikachagua kwa kigezo cha kitaalamu kabisa: iliyokuwepo. Dereva wa lori anayeshuka kutoka Nairobi alikuwa na jamaa yake anauza GCB95 ya mtumba. Tukutane Isebania, ng'ambo ya mpaka. Akaniambia elfu tano. Nikaruka kwa furaha, nikamshika mkono, nikamwita kaka. Halafu nikakumbuka ni elfu tano za kwao. Zidisha kwa karibu ishirini. Mkono nilikuwa nimeshautoa, ningeurudishaje? Nikalipa. Nikarudi nayo upande wetu nimeinyanyua ionekane kabisa, nikitamani hata mtu mmoja aniulize ni nini. Hakuna aliyeuliza.

Na ukishalipa ndipo wajuaji wanajitokeza. Walikuwa wapi? Sijui. Mmoja akaniambia, ungechukua Morley. Kwa nini? Kwa sababu hii Cry Baby ndani ina voliumu, ile ile ya redio, ina kigurudumu cha meno, na ukikanyaga kuna reli ya meno inakizungusha. Vumbi likiingia, inakwaruza. Morley haina voliumu ndani. Inatumia mwanga: kuna kijicho kinachohisi mwanga na kitu cha kuukinga, ukikanyaga mwanga unaongezeka au unapungua. Vumbi halina pa kukwaruza. Tena ziko Morley zisizo na hata swichi, ukiweka mguu inawaka, ukitoa inazima. Na taa wanaweka. Taa! Mimi na vumbi la kiangazi la hapa, na malori haya, nimenunua ile yenye meno.

Haya, Jumapili. Pambio limekolea. Ikafika zamu yangu ya solo, nikapanda pedeli. Mbele, nyuma. Kimya. Yaani gitaa linasikika, lakini waa hakuna. Nikaongeza nguvu. Mbele nyuma, mbele nyuma, nyonga nayo ikaanza kufuata. Akina mama wa safu ya mbele wakaanza kupiga vigelegele, wakajua nimeguswa. Jasho. Sasa nitaacha vipi na watu wameshainuka? Nikamaliza solo nzima hivyo. Mtoto wa mpiga besi, hata jino la mbele hana, ndiye aliyenivuta suruali: "Baba mdogo, hiyo hujaiwasha."

Kumbe swichi iko chini ya ncha ya pedeli. Inabidi ukandamize mbele kwa uzito wa mwili mpaka isikike "tak". Nani angejua? Mbona haijaandikwa? Basi nikaikandamiza, tak, ikaitika vizuri sana. Ilikuwa ni sala ya toba. Waaaaa. Kanisa zima.

Baada ya ibada mzee wa kanisa akaniita pembeni. Akasema kijana wangu (huyu mzee tumesoma wote), hicho ni chombo cha dansi, kirudi kilikotoka. Hapo nikamshika! Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na hoja. Nikamwambia mzee, wawa imezaliwa kwenye kiwanda cha vinanda. Mwaka 1966, kule California, Thomas Organ Company, watengenezaji wa vinanda. Fundi wao kijana, Brad Plunkett, alipewa kazi ya kubana matumizi tu, atoe swichi ya bei mbaya kwenye amplifaya ya Vox, aweke voliumu ya bei poa. Akazungusha ile voliumu, sauti ikaanza kusema waa. Wakachukua pedeli ya kinanda, wakaipachika humo ndani. Mwaka 1967 ikaingia sokoni na jina la mpiga tarumbeta, Clyde McCoy, kwa sababu ilifanana na tarumbeta lake analoliziba mdomo. Kwa hiyo mzee, nikamwambia kwa sauti, hii ni kinanda! Ni jamaa wa kinanda! Mzee akafikiri kidogo. Akasema, basi mpe mpiga kinanda.

Ndivyo ninavyoishi.

Twende kwenye betri. Hii kitu inakula betri ya volti 9, lile boksi dogo lenye vifungo viwili kichwani. Nenda dukani uliza volti 9. Unaletewa za rimoti. Unaletewa za tochi. Duka moja nikaambiwa hiyo ni ya Nairobi. Nikaipata hatimaye Tarime mjini, nikaiweka, nikalala na amani. Wiki chache tu, imekufa. Kumbe, na hili pia hakuna anayekwambia, ukichomeka waya wa gitaa kwenye tundu la kuingilia, hapo hapo betri inaanza kuliwa. Hata kama hupigi. Hata kama umeizima. Waya ukilala humo, betri inakesha. Na taa ya kukuonya je? Tumeshaongea.

Fundi redio wetu ndiye alinisaidia. Akacheka kwanza, hiyo ni kawaida yake. "Mura, kwani volti 9 ni nini? Si mara sita ya moja na nusu?" Akachukua betri sita za tochi, akazipanga, akazifunga kwa mpira wa tairi, akatoa waya mbili. Ikawaka. Sasa pedeli yangu inatembea na mzigo pembeni, siku ya kwanza mhudumu wa mlangoni aliniomba nifungue begi.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heshima. Lakini fundi akaifungua chini, skrubu nne za kwenye miguu ya raba, akaangalia ndani, macho yakamng'aa. Akasema humu mna vitu vichache tu! Transista mbili, koili moja, rizista na kapasita za kuhesabika. Hii tunaiboresha. Mimi nikaitikia. Siku zote huwa naitikia.

Maboresho yenyewe yapo kweli, si uongo. Kuna rizista ya kilo-omu 33 imekaa sambamba na koili. Ukiweka 47 au 68, wawa inatamka zaidi, inakuwa na mdomo. Fundi hakuwa na 47. Akaunga mbili za 22 mkia kwa mkia, akapata 44, akasema hii tatu iliyobaki Mungu atajazia. Kuna kapasita ya 0.01, ukiipandisha ikawa 0.015 sauti yote inashuka, inanenepa. Hiyo akaitoa kwenye redio ya marehemu fulani. Halafu swichi. Ya zamani hii ina miguu mitatu, hata ukizima gitaa linabaki limeshikiliwa na saketi, makali yanapungua. Dawa ni swichi ya miguu sita, gitaa lipite moja kwa moja. Ya miguu sita hakuwa nayo. Akapendekeza ya taa ya kitandani, ile ya kuvuta kamba. Hapo nilikataa. Kila mtu ana mpaka wake.

Na nikubali, ilitoka nzuri. Waa lake lilikuwa na ushenzi fulani mtamu. Tatizo ni zile waya alizoacha ndani, ndefu, hazina ganda la kuzikinga. Jumapili iliyofuata nimesimama, naikandamiza, tak, mchungaji ameshika maiki, na spika inatoa sauti ya mwanamke anatangaza mbolea. Kwa Kikuria. Cha ng'ambo. Nikisogeza mguu nyuma anafifia, nikisogeza mbele anataja bei. Mzee wa kanisa hakusema kitu. Alinitazama tu, na ningeona afadhali angesema.

Jioni yake nimekaa hapa hapa kwenye benchi najililia, mzee mmoja wa jirani akaniuliza swali ambalo sijalijibu mpaka leo. Mkurya ana litungu, akasema, nyuzi nane, umewahi kusikia limeishiwa betri? Na Misiani je? D.O. Misiani, mtoto wa huku huku Mara, wa kule Shirati, alivuka akaenda Kenya akaiweka Shirati Jazz kwenye kila redio. Ile benga yake ni vidole. Solo inakimbia na besi inaikimbiza, kila noti inasikika peke yake. Alikuwa anakanyaga nini? Nikamwambia mzee, alikuwa na kipaji. Akasema haya, basi.

Kimyakimya nakubaliana naye. Benga haihitaji wawa, utaharibu tu. Lakini pambio la taratibu, lile la kuingizia sadaka, linaihitaji. Hapo sirudi nyuma. Fundi amezifupisha waya, mwanamke wa mbolea hasikiki tena. Kilichobaki ni umeme. Mzigo wa betri za tochi nimeuchoka, na pedeli ina kitundu cha adapta: volti 9, hasi iwe katikati, chanya nje. Adapta nyingi za majumbani ni kinyume, chanya ndiyo inakaa katikati. Nilipendekeza tujaribu ya ruta, fundi akakataa, na yule jamaa sijawahi kumsikia akikataa kitu.

Inayofaa ipo. Ni ya kile kinanda chetu cha zamani cha Casio, volti 9, hasi katikati, tumeipima. Mpiga kinanda anaondoka nayo mfukoni kila ibada ikiisha. Kaka mpiga kinanda, najua huwa unapita hapa kunywa kahawa. Niazime Jumapili hii, wakati wa sadaka tu, wakati huo huna kazi.