Meya Asiye na Chama, Hadi Septemba

Huko Dallas, Texas, karatasi ya kura ya umeya haitaji chama. Mei 2023 Eric Johnson, aliyewahi kuketi katika bunge la jimbo kwa tiketi ya Democratic, alichaguliwa tena bila mpinzani kwenye karatasi hiyo. Septemba akatangaza gazetini kuwa amehamia Republican. Sheria haikuvunjwa: asiyedhaminiwa na chama atakisaliti vipi? Watetezi wa karatasi isiyotaja chama husema shimo la barabarani halina chama. Sawa, ila anayeamua lizibwe la mtaa upi kwanza anacho. Karatasi hiyo ni baibui: humficha mvaaji kwa mpita njia, si kwa wa nyumbani. Wafadhili humjua, anayekatazwa kuchungulia ni mpiga kura. Muhula wa Johnson unaishia 2027.