Farasi wa Mabawa na Mchele wa Krismasi

Mume wangu hakusanyi sarafu ovyo. Lazima iwe na mnyama, na mnyama mwenyewe awe hayupo duniani. Tembo hapati nafasi. Simba akitaka kuingia kwenye kopo lake la maziwa ya unga, sharti awe na kichwa cha mbuzi kilichoota mgongoni na mkia wa nyoka, kama yule ambaye Wagiriki wa Sikyon walimpiga kwenye fedha zao kabla ya Kristo. Anafundisha historia sekondari hapa Mbulu, kwa hiyo ukoo wote wa hao viumbe anao kichwani: fahali-mtu wa Knossos, Gorgo mwenye ulimi nje, na juu ya wote Pegaso, farasi wa mabawa wa Korintho. Sarafu hiyo ya Korintho ni fedha, gramu nane na kitu, upande wa pili Athena kavaa kofia ya vita. Nayajua haya kwa sababu husimuliwa mezani wakati ugali unapoa.

Shida ni bei. Pegaso halisi ni mamia ya dola, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Miaka yote kopo lilikuwa na mkaazi mmoja tu, reale ya Maria Theresa yenye tai wa vichwa viwili, ile iliyotumika Zanzibar na pwani nzima enzi za masultani. Imeandikwa 1780, lakini karibu zote zimeandikwa hivyo. Walikuwa wakizipiga upya kwa tarehe ileile mama wa watu akiwa kaburini. Mume wangu hilo halimsumbui. Tai ana vichwa viwili, basi.

Halafu akaenda mnadani Katesh na hela ya bati la jiko.

Alirudi usiku, bila bati, anacheka peke yake mlangoni. Kafungua leso: farasi wa mabawa, safi, anang'aa. Muuzaji, mtu wa funguo kuukuu na spea za baiskeli, alimwambia imetoka kwa Mgiriki aliyekuwa na shamba la kahawa. Hapo sikuwa na la kubisha. Wagiriki walikuja huku wakati Mjerumani anajenga reli, wakabaki kwenye mkonge wa Tanga na kahawa ya Moshi na Arusha, na wengi waliondoka baada ya 1967 mashamba yalipoanza kutaifishwa. Kwamba mmoja wao aliacha sarafu kwenye droo, inawezekana kabisa.

Binti yetu wa kidato cha kwanza ndiye aliyeishika kwenye mwanga wa taa. "Baba, kumbe hawa watu wa kabla ya Kristo waliandika kumi kama sisi?"

Kimya. Akaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na ndege katikati ya moto, na chini yake 1973.

Ilikuwa drakma kumi za juzijuzi, za utawala wa wanajeshi waliopindua serikali ya Ugiriki 1967. Ningekuwa mimi ningelala mapema. Yeye alikaa akaitazama, kisha akatangaza kwamba yule ndege ni Feniksi, anayeungua na kuzaliwa upya majivuni, naye pia hayupo duniani. "Mama watoto, wanyama wawili kwenye sarafu moja! Hata ile ya Korintho yenye Athena ina mmoja tu." Ikaingia koponi. Mvua iliponyesha, nilipika nimevaa koti.

Yangeishia hapo kama shemeji hangesikia. Shemeji yangu hajui Pegaso, anajua rupia. Yale maneno kwamba rupia ya Mjerumani "yenye nguvu" huvuta punje za mchele, na kwamba kuna tajiri mahali anainunua kwa mamilioni, yamezunguka Tanzania nzima na kuwaacha watu bila ng'ombe na bila viwanja. Hakuna sarafu inayovuta mchele. Sumaku yenyewe haivuti mchele.

"Shemeji," aliniuliza kabla hata hajakaa, "hiyo ya kaka inavuta?"

"Inavuta hela ya bati."

Hakucheka. Jumamosi alikuja na wageni wawili wa viatu vya kuchongoka, wakaomba sahani na mchele. Mchele wenyewe ulikuwa wa Krismasi, wa Magugu, nimeupepeta na kuufunga kwenye ndoo. Wakaumwaga sahanini, wakaishusha drakma taratibu kwa uzi, na sebule nzima ikashika pumzi. Mchele ukakaa palepale. Mmoja akasema pengine wenye vumbi hauvutiki, uoshwe kwanza. Ukaoshwa. Mwingine akataka wa kilo nyingine. Mchele ulioloweshwa hauhifadhiki, kwa hiyo mchana ule niliupika wote, wakala wageni, akala shemeji, wakala na majirani waliokuja kuona rupia. Jirani yetu wa Kondoa aliitazama mara moja akasema, "Huyu mbona Buraki?" akaomba aongezewe mchuzi. Krismasi tulikula makande.

Na wakati wote huo pesa ya Mjerumani ilikuwepo kweli mle sebuleni, chini ya mguu wa kabati uliokuwa ukiyumba. Heller ishirini ya shaba ya njano: taji, herufi D.O.A., 1916, na T ndogo ya Tabora. Vitani Waingereza walipofunga bahari na sarafu zikakatika, Wajerumani walizipiga Tabora kwenye karakana ya reli, kwa vyuma chakavu, maganda ya risasi yakiwemo. Walipiga na rupia kumi na tano za dhahabu ya Sekenke, huko Singida kwa jirani zetu, zenye tembo aliyeinua mkonga. Hizo ni elfu kumi na sita na kidogo tu. Mume wangu alipewa ile heller na mzee mmoja wa Dongobesh, akaigeuza pande zote mbili, akasema, "Haina mnyama," akaiweka chini ya kabati.

Mama mkwe wangu ni Mbarabaig wa Hanang. Nilipomsindikiza kwao baada ya sikukuu, tukishukia Dareda kubadili gari, alinipitisha kwanza kwa mhunzi. Alifungua fundo la kanga: kufuli bovu, koki ya bomba, na ile heller. Kijana akaanza kukandamiza mivukuto ya ngozi ya mbuzi, mkono huu na huu, mkaa ukageuka mweupe. Niliona taji likilala juu ya koki, likalegea, likapotea. Nilinyamaza. Mwenyewe alishasema haina mnyama. Mhunzi akamimina kwenye mfereji, akagonga, akakunja, akachora mistari kwa patasi.

Muhula ulipofunguliwa mume wangu alifika kwenye Vita Kuu ya Kwanza na akataka kuwaonyesha wanafunzi pesa ya Tabora. Kabati lilipinduliwa. Tulipokwenda kwa mama tulimkuta anakamua, bangili inang'aa mkononi, nikamweleza mume wangu.

"Mama, ile ilikuwa historia!"

Mama aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. "Ukipata yenye farasi niletee, mwanangu. Mkono wa pili upo wazi."